Kitufe cha Nyuma

Mama Pacha hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Ofisini walimjua kwa kugonga kibodi kutwa nzima na kujibu kwa kutikisa kichwa. Jumatatu ile aliingia kwenye mkutano wa bosi bila kubisha hodi, simu ya shangazi yake mkononi, hasira zimempanda.

Hasira zenyewe zilianza miezi mitatu nyuma. Ofisi ilipewa kazi ya kutengeneza tovuti ya hospitali, ili wagonjwa wa macho wajipangie siku ya upasuaji kwa kujaza fomu ya hatua saba. Tovuti ya namna hiyo haina kurasa saba. Ni ukurasa mmoja tu, unaofunguka mara moja kisha unabadilisha sura kulingana na hali yake: mtu amefika hatua ya ngapi, amejaza nini. Mama Pacha alisema tangu siku ya kwanza kwamba hali ikibadilika, anwani ya tovuti iliyo juu ya kioo ibadilike nayo. Aliye hatua ya tano, anwani iseme hatua ya tano. Akibonyeza kitufe cha nyuma cha simu, arudi ya nne na majibu yake ayakute. Bila hivyo, simu inahesabu ukurasa mmoja, na ukirudi nyuma unatoka nje kabisa.

Aliomba alasiri mbili tu. Bosi akamwambia hayo ni mapambo. Mgonjwa kawekewa kitufe kikubwa cha buluu kilichoandikwa "Rudi", bosi mwenyewe kakichagulia rangi, na mwenye akili zake atakibonyeza hicho. Wenzake wakacheka kidogo, wale wa kucheka kila bosi anapofungua mdomo. Mama Pacha akanywea, akatia saini kwamba kazi imekamilika. Hapo ndipo anapojichukia hadi leo, maana alijua.

Shangazi yake ni fundi cherehani, na ndiye aliyemlea. Chumba chake cha kushonea kiko mtaa wa nyuma ya ofisi, vitambaa vya watu vimekunjwa hadi dirishani. Jicho la kulia limeingia mtoto wa jicho, na la kushoto limeanza kufuata. Nafasi za upasuaji zilifunguliwa Jumatatu hiyo saa mbili asubuhi. Alikataa kusaidiwa; alisema bado hajafika umri wa kulishwa kwa kijiko.

Alifika hatua ya sita, akaona amekosea mwaka wa kuzaliwa. Akabonyeza kitufe cha nyuma cha simu, kama tunavyofanya sote. Ikamtupa nje, kila kitu kimefutika. Akaanza upya, akataka kuhakiki namba ya kadi, akatupwa tena. Mara ya tatu vivyo hivyo. Alipomaliza, nafasi za karibu zilikuwa zimekwisha, akapangiwa baada ya miezi saba.

Saa nne Mama Pacha alipita kumjulia hali, akamkuta ameishika simu kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe.

"Nisamehe, mwanangu," shangazi alisema. "Mmetengeneza kitu kizuri. Mimi tu ndiye sijui simu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomtoa pale mbiombio hadi mkutanoni. Aliweka simu mbele ya bosi, akamtaka ajaze fomu hadi hatua ya sita, kisha arekebishe mwaka wake wa kuzaliwa. Bosi akawatazama watu kwa tabasamu la mtu anayemvumilia mgonjwa, akajaza. Alipofika ya sita, kidole gumba chake kilikwenda chenyewe kwenye kitufe cha nyuma cha simu. Fomu ikafutika, kioo kikarudi kwenye "Karibu" ya hospitali. Kile kitufe chake cha buluu hata hakukiona.

"Kidole kimeteleza," bosi akasema.

"Cha shangazi yangu kiliteleza mara tatu," Mama Pacha akajibu. "Sasa ana miezi saba ya kupapasa tundu la sindano."

Hakuna aliyecheka. Zile alasiri mbili zikapatikana siku hiyohiyo, na kufikia Jumanne jioni kazi ilikuwa imekwisha. Alasiri mbili, basi, wala hazikuzidi.

Jumatano alimpelekea shangazi tovuti iliyorekebishwa aijaribu. Akajaza, akabonyeza nyuma, akarudi hatua moja, majibu yake yote yapo. Akafurahi kama ameshinda kitu. Nafasi ya karibu zaidi haikuwepo. Tarehe yake ilibaki ileile.

"Nifikishie salamu kwa bosi wako," alisema, huku akimnyooshea sindano na uzi amtungie. "Mwambie Mungu ambariki. Ametufikiria sisi wazee."

Mama Pacha alitunga uzi, akapiga fundo, akamrudishia sindano. Alhamisi asubuhi alizifikisha salamu mbele ya ofisi nzima, neno kwa neno, kisha akamsimamia bosi mpaka naye akaiandika tarehe ya upasuaji wa shangazi kwenye kalenda yake mwenyewe.