Sala Yangu Siku ya Kujadili Uuzaji wa Benki

Jamani, kuna aibu za kusahaulika na kuna hii yangu, ambayo mpaka leo nikipita mtaa wa New Site nashusha kofia hadi puani.

Benki ninayofanyia kazi hapa Juba ilitaka kuuzwa kwa wamiliki wengine, na kabla serikali haijakubali, wananchi waliitwa kwenye ukumbi wa hoteli waseme wanaonaje. Meneja wetu, Madam Akoth, alituonya: "Wafanyakazi mkae nyuma, mnyamaze. Leo ni siku ya wateja." Lakini hapa mkutano hauanzi bila maombi, na pasta aliyealikwa alikuwa amekwama njiani akitoka Rejaf, afisa wa serikali akauliza nani atatuombea, na mimi (mwimbishaji wa kwaya, mwenye kiherehere cha kuzaliwa) nikanyoosha mkono.

Nilianza vizuri tu, nikashukuru kwa uhai, kwa mvua, kwa amani, watu wakaitikia Amina, zile Amina zikanipanda kichwani, na kwa kuwa tulisikia wanunuzi hulipa mishahara minono, mdomo ukaenda wenyewe: "Baba, asante kwa wenye benki wapya uliotuletea! Na yeyote aliyekuja kupinga, funga kinywa chake!"

Badala ya Amina, nikasikia kiti kikiburutwa.

Nikafumbua jicho moja. Madam Akoth ameshika kichwa. Mbele amesimama Mama Nyandeng, muuza samaki, mteja wetu wa tawi la New Site, aliyekuja kwa sababu moja tu: wanunuzi walisema watalifunga tawi hilo.

"Ya jamaa," akamwambia afisa, "mimi natoka New Site kuja kusema. Sasa huyu kijana nafunga mdomo yangu kwa jina ya Yesu?"

Ukumbi ukaangua kicheko, jasho likanitoka mpaka kwenye soksi.

"Kalas, basi," akasema afisa. "Mama, tuombee wewe, upya."

Mama akainua mikono. "Mungu, fungua mdomo ya watu yote hapa. Ya huyu, wacha kwanza."

Amina! Nami niliitikia, ningefanyaje?

Kisha akaeleza jinsi mwenzake alivyovamiwa na kupigwa akipeleka akiba ya kikundi chao mjini, kabla tawi halijafunguliwa, na kwamba hawezi kuirudia njia ile. Hakuna aliyecheka tena. Hapo ndipo nilipoona aibu yenyewe, maana mama huyu ndiye niliyemwombea anyamaze, kwa ajili ya mshahara wangu.

Nimeapa kuombea chakula tu. Wali haujawahi kuja kutoa maoni.