Niliandika "Hana Neno"

Naikumbuka asubuhi moja ya miaka ya sitini, mwanangu, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi Homa Bay kwa likizo, nina tai moja na Kiingereza kingi kuliko akili. Hospitali moja ya huko, ambayo kosa lake lilikuwa kuniamini tu, ilinipa kazi katika wadi ya kifua kikuu. Kila asubuhi, kabla daktari hajapita, niliwauliza wagonjwa kwa Dholuo sindano ya jana imewafanyaje, kisha nikaandika majibu kwa Kiingereza. Daktari, Mzungu mpole, hakujua Dholuo. Alijua nilichoandika, basi.

Min Atieno, yaani mama Atieno, mchuuzi wa omena, dagaa wa ziwani, kutoka Sindo, aliniambia akicheka, "Nyathina, masikio yangu yanalia kama mzinga wa nyuki."

Nyathina ni mwanangu. Nami, mwana msomi, nikaona haya kumpelekea daktari habari za nyuki. Nikaandika: hana neno.

Siku chache baadaye alipepesuka akienda chooni, akashika ukuta. Jirani yake wa kitanda akamtania, "Min Atieno, hiyo chang'aa unaificha wapi? Tugawie!" Wadi nzima ikacheka, nami nikacheka. Hana neno. Wiki ya tatu hata sikumuuliza. Nilinakili ya jana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kitakachomuumbua anayeficha maradhi ya mwenzake. Pengine hakuna. Mimi nilipata shahada yangu.

Asubuhi moja alinishika mkono. "Mbona siku hizi mnanong'ona? Ninakufa?"

Hatukuwa tukinong'ona. Sista wa wadi, mama mtu mzima wa Migori, alisimama nyuma yake akamwita kwa nguvu; hakugeuka. Sista akafungua faili, akasoma kurasa zote za mwandiko wangu mzuri.

"Ungewaandika hao nyuki," akasema, "daktari angesimamisha sindano siku ile ile, kabla haijamuua masikio. Sasa mwambie wewe huyu mama kwamba amekuwa kiziwi."

Nilipaza sauti mpaka nikakohoa. Nikaandika kwenye karatasi, kwa Dholuo, herufi kubwa kubwa. Akaitazama, akanirudishia kwa adabu. Hakujua kusoma. Alirudi Sindo kifua kimepona, akiamini kwamba watu wanamficha jambo. Hakukosea.

Mwanangu uliyevaa koti jeupe, andika analosema mgonjwa, kwa maneno yake, hata yakikutia haya. Usingoje kuwa na hakika. Lifikishe siku hiyo hiyo kwa mwenye uwezo wa kusimamisha dawa, kwa maana dawa inayoponya kifua haijaapa kutodhuru kingine. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Na mguu ule haukuwa wangu. Sina hakika kwamba nasaha inafaa kitu. Nami niliambiwa haya haya siku ya kwanza, nikatikisa kichwa kwa heshima.

Mungu aibariki mikono yako. Na siku utakapolazwa wewe, asikupe mtu kama nilivyokuwa mimi.