Wifi Yangu, Mama Jalala

Marehemu wifi yangu hakumimina maziwa bila kuyanusa kwanza, hata yale aliyoyachemsha mwenyewe. Mume wangu, ambaye ni mdogo wake, alizoea kumtania: "Dada, ng'ombe akikuona atagoma."

Kazini walimwita Mama Jalala. Maabara yao ilisoma jeni katika vipande vya ubongo vilivyotolewa kwa watoto wenye kifafa kisichosikia dawa, na yeye ndiye aliyeandika programu za kompyuta za kuzisoma. Programu ilikuwa na amri: badiliko likionekana katika seli chache mno, lihesabiwe kosa la mashine, litupwe. Kila alipomaliza kazi, wifi alirudi kuyapekua yaliyotupwa.

Mwanangu alikuwa mmoja wa watoto hao. Jibu la kwanza lilisema hakuna kilichopatikana, na mama mkwe akalipokea kama hukumu.

"Mashine haijui ukoo," alisema mezani, mimi nikiwa palepale. "Hiki kifafa kimetoka kwao. Mwanangu asizae naye tena."

Mume wangu aliinamia sahani yake akaendelea kula.

Wifi akaenda kulichokonoa jalala lake. Humo alikuta badiliko katika jeni moja, kwa mwanangu na kwa watoto wengine wawili. Mkuu wa maabara akamwambia kwamba ananitafutia utetezi mimi, wifi yake.

"Mawifi gani unaowajua wewe wanaoteteana?" akamjibu. "Pima upya."

Walipima kwa njia nyingine. Lilikuwepo.

Jumapili akaja kwa mama yake, tulikokuwa tukiishi, akasimama katikati ya sebule, kiti hakukitaka.

"Mama, ubongo wa mtoto unajengwa tumboni, seli zikigawanyika. Seli moja ilijinakili vibaya, na zote zilizotokana nayo zikabeba kosa lake. Nyingine ni nzima. Tumepima damu ya mama, ya baba, na ya mtoto mwenyewe. Kosa hilo halimo. Hakuna ukoo hapa."

"Na tumbo lilikuwa la nani?" mama mkwe akauliza.

Wifi akamgeukia mdogo wake, akimngoja aseme neno. Nami nilimngoja. Mume wangu akaokota rimoti, akaongeza sauti ya televisheni.

Hasira ya siku ile sijaimaliza mpaka leo. Nilikusanya dawa na nguo za mtoto, nikatoka naye. Nyuma yangu niliwasikia wakitafuta chaneli. Wifi alinibebea begi mpaka barabarani, akihema, maana presha ilikuwa imeshamwandama. Haukupita muda mrefu ikamchukua, hatukuwa tumeonana tena.

Tukiwa pale barabarani nilimwambia labda mume wangu akiyasoma majibu kwa utulivu, atanifuata.

"Asikufuate kwa sababu ya majibu, wifi," alisema. "Hata kama kifafa kingetoka kwenu kweli, alitakiwa akutetee."