Shada la Tusa Shingoni kwa Mtoto wa Watu

Jamani, leo nacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na naisimulia mwenyewe kwa sababu wifi yangu Sekela ameshaisambaza kila harusi na kila kikundi cha kanisani, tena kwa kuongeza chumvi, wakati chanzo ni yeye.

Mwanangu Tusa alikuwa anamaliza darasa la saba kule mtaa wa Ruanda, anakoishi na bibi yake, maana mimi niko Tunduma nauza vitenge na biashara ya mpakani haina likizo. Vikao vya wazazi sikuwahi kukanyaga. Akanipigia kwa simu ya bibi yake: "Mama, mahafali usipokuja nitabaki nimesimama bila kuvalishwa shada." Nikaapa nitakuja, nikanunua shada la maua ya kung'aa kuliko yote sokoni, limening'inizwa pipi pande zote.

Asubuhi nimeshajipodoa, kilemba nimekifunga haraka haraka (chini yake nywele nimefumua nusu, nusu bado, nani angeona?), Sekela akanikagua juu mpaka chini. "Wifi, hiyo miwani inakuzeesha. Unafanana na mama mkwe wako." Na mimi na akili zangu nikaiacha mezani. Miwani ya kupimwa hospitali, jamani, si ya urembo!

Sasa niambieni, nani alibuni kuwavalisha watoto wote majoho ya bluu ya kukodi, kofia hadi kwenye nyusi, vichwa vimenyolewa, nyuso zimepakwa poda? Mstari mzima niliuona kama mtoto mmoja. Mshereheshaji akasema wazazi njooni mvalishe, muziki ukafunguliwa, akina mama tukavamia kwa pamoja, nami nikaingia nikicheza kiuno chote, Sekela nyuma ananirekodi kwa simu na vigelegele juu, mpaka nikamfikia Tusa wangu mwembamba mwishoni mwa mstari, nikamvalisha, nikamkumbatia, nikapiga na magoti kabisa, mpiga picha naye akapiga.

Mtoto akaninong'oneza, "Asante mama, mimi hata sikutegemea mtu."

Sauti si ya Tusa. Nikasogeza uso karibu, kumbe ni Anna, mwenzake wa darasani, ambaye wazazi wake wako machimboni Galula na hawakuweza kuja. Nikageuka taratibu. Hatua chache tu pembeni, Tusa amesimama na shingo tupu, machozi yamechora mistari kwenye poda.

"Mama, hata sura yangu umeisahau?"

Mtaalamu wa miwani Sekela ndiyo kwanza akaamka: "Livue, wifi, umpe mwenyewe!" Kwa sauti ile, hadi meza kuu wakageuka. Maskini Anna akaanza kulivua mwenyewe. Nikamshika mikono. Kumvua mtoto shada mbele ya watu wote wale? Nisingeweza, na mwanangu naye ananitazama.

Basi nikavuta kilemba changu, kitenge kipya kabisa, nikamvisha Tusa shingoni. Nywele zikasimama upande mmoja, upande mwingine mikia ya panya, uwanja mzima ukaangua kicheko, na mshereheshaji asiye na huruma akasema kwenye kipaza sauti, "Tumpigie makofi mama mwenye mitindo miwili!" Tusa akacheka huku analia, akaning'ang'ania kiunoni, na mimi nikalia kuliko yeye.

Siku hizi miwani naivaa hata nikisonga ugali, na Sekela akifungua mdomo kuhusu mavazi yangu natoka nje. Lakini mpiga picha alituletea picha moja tu iliyotoka vizuri, ile ya mimi na Anna na shada, na Tusa mwenyewe ndiye aliyeitundika sebuleni kwa bibi yake. Mgeni akiuliza huyo binti ni nani, anajibu bila hata kutabasamu:

"Huyo ndiye mtoto wa mama aliyemaliza la saba. Mimi nilikuwa pale pembeni."

Na mimi, kila nikienda, nakaa chini ya picha hiyo na miwani yangu usoni.