Neno Moja kwa Wino Mwekundu

Nilikuwa kidato cha pili Newala, mwalimu wa Kiingereza alipoandika neno moja kwenye ripoti yangu kwa wino mwekundu: "inadequate". Hakuongeza lingine. Muhula ule nilichelewa mara nyingi, kwa sababu sisi tunakaa juu na maji yako bondeni, na ndoo haijibebi. Hilo hakuniuliza.

Baba alinipa ripoti nimsomee. Nikamwambia mwalimu anasema sitoshi.

"Hutoshi kwa lipi?"

Sikujua. Ripoti haikusema. Mwisho akasema, "Basi mwanangu, kama shuleni hutoshi, shambani utatosha." Shule zilipofunguliwa wenzangu walivaa sare, mimi nikashika jembe.

Kamusi nilikuja kuinunua ukubwani, kwa hasira tu. Nikaona neno lile watu hulitumia kwa maji, chakula, maandalizi: kitu kipo, ila hakifikii haja. Ukiambiwa maji hayatoshi, unajua la kufanya, unabeba ndoo. Ukimbandika mtu neno hilo bila kumwambia kapungukiwa nini, umemwacha hana pa kuanzia. Nililichukia, na aliyeliandika nikamchukia zaidi.

Shamba lilinifundisha korosho, na korosho zikanipeleka Masasi, ghala la chama cha wakulima, kupima ubora. Milima haikutani, binadamu hukutana. Msimu uliopita akaingia mzee mmoja na gunia lake. Alikuwa amestaafu, kanunua mikorosho Lupaso. Nilimtambua hata kabla hajalitua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama." Hakunikumbuka.

Nikachota konzi moja ya korosho, nikazikata. Nusu zilikuwa changa, kiini kimesinyaa. Kwetu hata mtoto anajua korosho haianguliwi. Unangoja bibo, tunda lake, lidondoke lenyewe, ndipo unaokota. Mwalimu alikuwa na haraka zake, kapiga miti kwa ufito. Kazi yangu ni kumweleza mkulima kasoro na namna ya kuchambua, na wengine wote huwa nawaeleza. Yeye nilimwandikia kikaratasi, kwa kalamu nyekundu niliyoiazima kwa karani: "inadequate". Nikaita gunia linalofuata.

Akavaa miwani, akasoma, akageuza upande wa pili kutafuta maelezo.

"Hazitoshi kwa lipi, mama?"

Miaka yote ile nilikuwa na maneno makali ya kumtupia. Sikumtupia hata moja, maana swali lilikuwa la baba yangu.

"Baba aliniuliza hivyo hivyo," nikamwambia. "Kidato cha pili, Newala."

Alinitazama, kisha akaitazama tena karatasi. Akaliburuta gunia lake hadi uani, akakaa juani akichambua korosho moja moja bila kujua anatafuta nini, nzuri na mbaya akizichanganya. Nilimtazama kutoka mlangoni mpaka saa tisa, shati limemganda mgongoni. Nilifurahi, sitawaficha.

Neno "changa" tu lingemtosha. Sikutoka kumwambia.