Kamera Haikugeuka Kushoto

Kipindi cha maisha ya kaskazini kilikuwa kinarushwa kila Jumapili jioni, na wiki hiyo walitangaza kwamba sehemu ya nne wameirekodia kwetu. Kwetu si hapa Songea. Kwetu ni kule mpakani, upande wa ziwa la magadi. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa na bwana mifugo aliyepangiwa kazi kule. Alipohamishiwa kwao huku, nikamfuata. Miaka sita sijakanyaga nyumbani. Mama yangu hajawahi kumshika mwanangu.

Nilikaa sakafuni, mtoto mapajani. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Mpitimbi, yuko kwenye kochi anapukuchua mahindi. Nje mvua ilikuwa inapiga bati, na kwenye televisheni kulikuwa na vumbi. Lile vumbi nililitamani.

Mlima niliujua kabla mtangazaji hajautaja. Alipoutaja, akakosea jina.

Kisha wakaonyesha kisima chetu. Kushoto kwa kile kisima, nyuma ya migunga miwili, ndipo lilipo boma la mama. Nikaanza kuongea na televisheni kama mwehu: geuka kushoto, kidogo tu, geuka. Kamera ikageuka kulia, ikamfuata twiga. Twiga, jamani. Kule hata mtoto hasumbuki kumtazama.

"Kumbe kwenu hakuna hata mti wa maana, mwanangu," mama mkwe akasema. "Mlikuwa mnakula nini?"

"Nyama, mama."

Akacheka, na hilo sikulichukia. Ila walipoonyesha wanawake wakikandika nyumba kwa mavi ya ng'ombe, mwanangu akaziba pua.

"Mama, kwa nini wale wanakaa kwenye mavi?"

Bibi yake alicheka mpaka mahindi yakamwagika. Mimi mkono uliniwasha, lakini ningempiga kwa kosa gani? Ni mimi niliyemlea bila kumfundisha neno moja la kwetu.

"Bibi yako anakaa humo," nikamwambia.

Akamtazama mama mkwe. "Bibi si huyu?"

Usiku huo wakati wa kula nikamwambia mume wangu, mwezi wa kumi na mbili tunakwenda. Visingizio vyake nilishavisikia vyote: mtoto mdogo, likizo haijapita, mvua zimekata barabara. Safari hii alikuja na jipya.

"Si umeshapaona kwenye TV? Sasa unataka nini tena?"

"Nataka mtoto ainamishe kichwa, mama yangu amguse. Kwetu ndivyo mtoto anavyosalimia. Hiyo ipo kwenye TV yako?"

Alikuwa anacheka. Akaona mimi sicheki, akarudi kwenye ugali wake.

Alhamisi marudio yalionyeshwa mchana, nikayatazama peke yangu. Kamera ikageuka kulia tena. Nilijua itageuka kulia, lakini nilitazama.

Ijumaa nikampigia kaka yangu, akanipa mama. Nikamwambia tunakuja, mimi na mjukuu wake. Nyuma yake nilikuwa nasikia mbuzi.

"Anaongea?" akauliza.

"Anaongea, yeyo," nikamwita mama kwa lugha yetu.

"Lugha gani?"

Nilitaka kudanganya. Nikasema, "Kiswahili. Na Kingoni kidogo, cha kwa baba yake."

Nikamsikia akimfukuza mbuzi mmoja.

"Njooni hivyohivyo," akasema.

Nimekata tiketi mbili. Ya baba mtu atajikatia mwenyewe.