Sauti Chini ya Meza Yangu

Mdogo wangu wa kike, anayekaa Lubumbashi na anayejiona ana dawa ya kila mtu, ndiye aliyeniingiza katika lile grupu la waandishi. Hakuniuliza. Nilikuwa nakata kitambaa cha sare za shule, simu ikalia, nikaona nimeongezwa mahali penye watu chungu nzima nisiowajua, wa Bukavu, wa Kigoma, wa Mombasa, wote wanasalimiana kwa adabu kubwa utadhani wako harusini. Nikampigia palepale.

"We mutoto, nani alikutuma?"

Akacheka. "Yaya, dada yangu, kila siku unaandika mambo yako ku makaratasi ya kukatia nguo. Acha na batu basome."

Alikuwa hajakosea. Mshonaji mikono yake ina kazi lakini kichwa chake kinazurura, na mimi kichwa kikizurura naandika. Lakini kuandika kwenye karatasi ambayo kesho itakuwa kola ya mtoto wa watu ni jambo moja, na kuwapelekea watu wa Mombasa ni jambo lingine. Nikakaa kimya humo ndani. Nilisoma kila kitu. Kiongozi wetu, mwalimu mstaafu wa Bukavu ambaye wote wanamwita Mama Mwalimu, alikuwa anatoa kazi ya kuandika kila wiki, na watu wanaandika kweli. Wengine waliniliza huku nimeshika mkasi. Wengine, jamani, ilikuwa kila asubuhi picha ya ua na "siku njema wapendwa", na mega zangu za intaneti zinaliwa na maua! Hata hivyo sikutoka. Nilikuwa nafungua simu kabla ya kunawa uso.

Basi siku moja Mama Mwalimu akaandika, bila ukali lakini bila mchezo: wale wanaosoma tu na hawaandiki, mwezi huu ukiisha tutawaaga, nafasi wapewe wengine. Nilikasirika kana kwamba amenitaja. Nilitaka kujibu kwamba mimi si mvivu. Mimi nina jambo ambalo haliandikiki, na kila nikianza kuandika ndilo linakuja mbele.

Jambo lenyewe ni hili. Bwana yangu alikuwa anachimba shimo ndani ya nyumba.

Mtu wa mbali atafikiri natania. Hapa Kolwezi si utani. Mtu anachimba choo, anakutana na jiwe jeusi la kobalti, lile lenye wanunuzi, na kabla ya wiki kuisha mtaa mzima unaangalia chini. Imekatazwa, ndiyo, na kila mtu anajua imekatazwa, ndiyo maana wanachimba ndani ambako hawaonekani. Bwana yangu alikuwa dereva wa kampuni ndogo iliyokuwa inabeba udongo upande wa Kingamyambo. Kazi ilipoisha akarudi kukaa nyumbani, na mwanamume akikaa nyumbani bila kazi anaanza kupata mawazo. Kisha tukasikia jirani wa barabara ya nyuma ametoa jiwe zuri chooni kwake. Kuanzia siku hiyo bwana yangu akawa anaiangalia sakafu yangu kama mtu mwenye njaa anavyoangalia sahani ya mwenzake.

Nasema sakafu yangu kwa sababu ni yangu. Nyumba hii ya Dilala mama yangu aliijenga kwa kuuza mikate ya kukaanga, tofali kwa tofali, na alipokufa aliniachia mimi. Sina nyingine. Watoto wetu watatu wanalala chumba kimoja, mimi na cherehani yangu tuko chumba cha pembeni, na ukuta kati yetu ni wa tofali moja tu. Nikamwambia bwana yangu hapana. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa Kiluba, nikamwambia hata kwa kunyamaza. Akamwita mdogo wake kutoka Fungurume, na siku niliyokwenda sokoni kununua uzi, niliporudi nikakuta meza yangu imesogezwa na simenti ya mama yangu imetobolewa.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Yeye akakaa anasubiri niishiwe. Halafu akaniapia: shimo litakwenda chini tu, chini moja kwa moja, litabaki chini ya meza yako, halitagusa upande wa batoto hata kidogo. "Mi nakuapia, mama ya batoto. Wiki mbili tu." Wakaweka mbao juu, wakarudisha meza, wakaacha kona moja wazi ya kuingilia. Hizo wiki mbili zake, mvua zilikuja na zikaisha.

Kwa hiyo nilikuwa nashona nguo za watoto wa shule juu ya wanaume wawili. Tu, tu, tu, chuma na nyundo, chini ya miguu yangu, kuanzia chai ya asubuhi. Udongo unatoka kwa magunia, unapanda baiskeli, na ukiuliza unaambiwa ni makala ya kupikia. Makala gani mekundu? Na ili majirani wasisikie nyundo, bwana yangu akaleta redio kubwa akaiweka dirishani, inapiga kwaya kutwa nzima. Haleluya asubuhi, haleluya mchana. Nilifika mahali nikisikia neno haleluya meno yananiuma. Na shemeji yangu, akitoka shimoni, cha kwanza ni kufunua sufuria.

Sasa katikati ya hayo, Mama Mwalimu akatoa kazi ya wiki: andika kuhusu sauti unayoisikia mahali unapoandikia.

Ee Mungu wangu! Kati ya kazi zote za dunia!

Wenzangu wakaandika vizuri kupita kiasi. Mmoja aliandika mvua juu ya mabati. Mwingine aliandika kikohozi cha baba yake nyuma ya pazia. Mimi nikaandika ndege. Nikaandika kwamba kuna ndege mdogo anakuja kwenye mpapai wangu. Hakuna ndege, na mpapai ulikufa ulipofunikwa na udongo wao. Nikafuta. Nikaandika pikipiki za barabarani, nikafuta. Niandike nini? Nikisema kweli, nani ajuaye simu ya nani inasomwa na nani? Serikali ya mtaa ikisikia, watakuja kwenye nyumba ya mama yangu. Na aibu je? Watu wanaandika kwa ustaarabu wao, mimi niwaletee mume aliyemo ndani ya sakafu? Nikisema uongo, tu-tu-tu inanicheka. Siku ikafika ya mwisho, Jumamosi, na sina hata sentensi.

Mchana huo nilikuwa nimemlaza mtoto wetu mdogo chumbani kwao. Wale wakubwa wawili walikuwa wamekwenda kwa shangazi yao. Nikakaa na simu, nikisema leo naandika au naacha, na ndipo mlango ukagongwa. Jirani yetu wa kushoto, mjane, mwanamke mwema, kitambaa cheupe kichwani.

"Mama, samahani. Mi nakuya tuombe pamoya. Kila siku nasikia nyimbo ku nyumba yenu, nasema hapa Mungu eko."

Ningemwambia nini? Nikamkaribisha, nikatupia kitambaa cha sare juu ya ile kona iliyo wazi. Akapiga magoti pembeni ya meza, sawasawa juu ya zile mbao. Nikapiga magoti pia. Akaanza kumwombea mwanawe, aliye kwenye machimbo huko mbali na hajapiga simu siku nyingi, analia kabisa, machozi ya kweli, na chini yetu tu, tu, tu. Akafungua jicho moja. "Ni nini ile?" Nikaanza kuimba. Mimi ambaye sijawahi kuimba, nikaimba kwa nguvu zangu zote, naye akaufuata wimbo, tukaimba wote wawili kuwafunika wanaume wawili wasio na haya. Alipoondoka alinishika mikono yote miwili akanishukuru, akasema amepata amani. Mwanawe yuko shimoni hajulikani yu hai au la, na mimi nimemwombea juu ya shimo.

Nilirudi mezani. Sikuwa na huzuni, nilikuwa na hasira tupu. Nikachukua simu nikaandika yote kama yalivyo, redio, makala mekundu, shemeji na sufuria, mjane juu ya mbao. Niliandika Kiswahili chetu cha nyumbani, sikutafuta maneno ya kupendeza. Niliandika: sauti ninayoisikia ninapoandika ni bwana yangu, yuko chini ya meza yangu, anaichimba nyumba ya mama yangu. Kidole kikasimama juu ya kitufe. Nikafikiria serikali, nikafikiria aibu, nikafikiria wakwe. Kisha chini wakapiga tena, tu, na mimi nikabonyeza.

Nikaona nimejimaliza. Kisha wakaanza. Mtu wa Kigoma alisema amecheka mpaka mkewe kaja kuuliza kulikoni. Mama mmoja wa Mombasa akaandika tu, "Pole dada yangu, pole sana, na hiyo nyumba je?" Mwingine akauliza kama watoto wako salama. Mama Mwalimu akaandika, "Kumbe ulikuwa na maneno hivi na unatunyima! Karibu. Endelea." Nikacheka peke yangu, nikafuta machozi kwa kipande cha sare. Nilikuwa sijacheka ndani ya chumba kile tangu walipotoboa sakafu.

Bwana yangu akasikia. Akatokeza kichwa kwenye kona, vumbi mpaka kwenye kope.

"Unacheka na nani?"

"Na watu. Nimewaambia habari yako."

Nilifikiri atawaka. Nilitaka awake, nilitaka angalau aone haya. Akatoka shimoni, akakaa juu ya kigoda, akasema, "Soma basi." Nikamsomea yote, neno kwa neno, na mahali pa mjane nilisoma polepole makusudi. Akasikiliza ameinama. Kwenye sufuria ya mdogo wake akacheka kidogo. Nilipomaliza akajikuna shingo, na akafanya kile ambacho kila mtu wa kwetu anafanya ukimhadithia jambo alilokuwepo. Akanisahihisha.

"Umekosea fasi moya."

"Fasi gani?"

"Unasema tuko chini ya meza. Hatuko tena chini ya meza. Tulipata jiwe nguvu sana, tukapinda."

"Mukapinda wapi?"

Akaonyesha ukuta kwa kidevu. "Upande wa kitanda ya batoto." Alisema kama mtu anayesaidia, ili habari iwe sawa.

Sijui nilisimamaje. Najua cherehani ilianguka. Nilifika mlango wa chumba cha watoto, na mtoto wangu amelala katikati ya kitanda, kinywa wazi, jasho kwenye paji la uso, na kitanda kiko katikati ya kile chumba chembamba. Nikainua mguu kuingia. Nyuma yangu bwana yangu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Pita ku ukuta. Usikanyage katikati."

Alikuwa anajua! Siku zote hizo aliwaona watoto wanaingia kulala, wanarukaruka juu ya kitanda, na alikuwa anajua pa kukanyaga. Nikapita kando ya ukuta, mgongo umebanwa kwenye tofali za mama yangu, nikanyoosha mkono nikamvuta mtoto kwa nguo, nikamtoa. Hakuamka hata kidogo.

Nikaenda naye mpaka nje, mwisho wa kiwanja, karibu na barabara, nikakaa chini kwenye vumbi. Hasira yote ilikuwa imeniishia, nilikuwa na baridi tu. Bwana yangu akanifuata akasimama, hajui mikono aiweke wapi. Shemeji naye akatoka shimoni, akatuangalia, akauliza kama chakula kimeiva.

Simu ilikuwa bado mkononi mwangu, na ujumbe ulikuwa unaingia. Nikaandika kwa kidole kimoja, mtoto begani: Wapendwa, mnisamehe, nimekosea sehemu moja. Hawako chini ya meza. Wako chini ya kitanda cha watoto wangu, na baba yao alikuwa anajua.

"Unaandika nini tena?" akauliza.

"Vile umesema."

"Futa ile, mama ya batoto. Batu batajua."

"Nataka bajue. Wa Bukavu bajue, wa Mombasa bajue. Kesho nitaandika tena, na kesho kutwa. Nitawaambia kila gunia la udongo lililorudi ndani ya shimo, na siku ambayo hakuna lililorudi nitawaambia pia, na jina lako nitaliandika."

Nikabonyeza mbele ya macho yake. Haikuchukua muda, simu ikaanza kulia, mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka mtoto akaamka. Wote walikuwa wanauliza swali lile lile: watoto wametoka? Bwana yangu akaiangalia ile simu, akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto. Kisha akamwambia mdogo wake aende akatafute baiskeli, warudishe udongo, wafukie shimo.